Ngazi za Nyumba ya Mjomba

12 Januari

Mpwa wangu Chiriku,

Kabla hata ya salamu: kuna jambo nakuficha. Si mke, si deni, wala si kosa la ujana. Nitakwambia mwenyewe, kwa mkono wangu, kabla sijafa, na kwa umri wangu ahadi ya namna hiyo haiwezi kuwa ya muda mrefu, kwa hiyo tulia. Usimuulize mama yako, hajui. Usimuulize jirani yangu fundi cherehani, anajua lakini nimemlisha yamini.

Sasa salamu. Sijambo, nyumba haijambo, na fundi hajambo ingawa tangu asubuhi analalamika kwamba watu siku hizi wananunua suruali kama wanavyonunua mkate. Mwambie mama yako asinune. Simu siisikii vizuri. Yeye akisema "goti linauma" mimi nasikia "moto unawaka", naanza kupiga kelele. Tuendelee na karatasi.

Nimeipokea rasimu yako. Umeniambia umekabidhiwa kozi ya maabara ya fizikia kwa wanafunzi wa baiolojia wa mwaka wa kwanza, na kwamba mwezi wa Juni jopo la idara litakaa kuamua kama kozi yako ibaki au ile ya zamani irudi. Umeniomba niwe mwanafunzi wako wa kwanza kwa sababu nimefundisha baiolojia maisha yangu yote na fizikia naiogopa. Nakubali. Kumbuka tu kwamba somo hilo nililipita kwa tundu la sindano, na tundu lenyewe nilishikiliwa na mwenzangu.

Jaribio lako la kwanza ni kipande cha mbao kinachoteleza kwenye ubao ulioinamishwa. Chiriku, mwanafunzi wa baiolojia atakitazama kipande hicho na kujiuliza: hiki kinakula nini? Kinazaa? Akishajibu hapana, akili yake itatokea dirishani, wewe ubaki na mwili. La pili ni kijiwe kinachoning'inia kwenye uzi. La tatu ni mbao tena. Watu wamekuja kujifunza uhai, unawaonesha maiti wiki tatu mfululizo?

Anza na kilicho hai. Damu hupita kwenye mishipa: wape mirija minene na myembamba na maji yaliyotiwa sukari, waone mrija ukipungua kidogo tu jinsi maji yanavyogoma. Mkono huinua ndoo: waambie watafute msuli unalipa gharama gani. Na kila mmoja wao anaingia maabara na moyo wake kifuani, wala chuo hakihitaji kuununua.

Mbusu mtoto.

Mjomba wako


3 Februari

Shikamoo Mjomba,

Marahaba yako naisikia hadi huku. Sisi hatujambo. Mwanangu ameota jino moja na kazi yote ya jino hilo anaifanya begani kwangu. Mama goti limepungua kidogo, na anasema mtu asiyesikia simu asingejua kwamba anaulizwa kuhusu goti. Ofisi yangu mpya ilikuwa stoo ya viti vibovu; viti vibovu bado vimo, kimojawapo nimekikalia.

Kuhusu hilo unalonificha: nimesikitika kusikia si mke. Nilishaanza kufikiria fundi wako anishonee nini siku ya harusi.

Mbao nimezirudisha. Mtunza vifaa vya maabara alizipokea kama mzazi anayerudishiwa watoto kutoka jela. Jaribio la kwanza sasa ni ngazi. Utapima uzito wako, utapima urefu wa ngazi kutoka sakafu ya chini hadi ya juu, utapanda kwa mwendo wako wa kawaida, na mtu atakupimia muda. Kutokana na hayo matatu unapata nguvu ya mwili wako kwa wati, kama inavyoandikwa kwenye balbu. Kisha unarudia ukiwa umebeba kikapu. Maelezo yote yako kwenye karatasi niliyoambatisha, na mwisho wake nimeandika jibu linalotarajiwa ili usihangaike.

Nataka ngazi zako, Mjomba, zile za kupandia chumbani kwako. Nazijua. Pale ndipo nilipong'oka jino la mbele siku niliyoteremka kwa tumbo, na ile ya juu kabisa hulia kama paka aliyekanyagwa. Nikiwa darasani nataka niwe naziona unapozipanda.

Ukichoka, simama. Hatupimani ubavu.

Chiriku wako


9 Machi

Mpwa wangu,

Salamu kwako, kwa mtoto na kwa jino lake. Umengoja sana. Kalamu ilikauka, kisha mvua, kisha fundi akapata nguo za harusi nzima za kushona. Chagua sababu unayoipenda.

Nakuandikia nikiwa sebuleni. Nimegundua hapa dirishani jua huingia mapema, na kwa kuwa dirisha liko chini kuliko barabara, wapita njia nawaona kuanzia magotini kwenda chini. Nimeanza kuwatambua kwa viatu. Kuna bwana mmoja wa ndara ambaye akienda kazini huburuza miguu na akirudi hurukaruka. Sijui kazini kwake wanamfanyia nini. Kuna dada wa viatu vyekundu, yeye hupita mara mbili kwa siku na fundi hupoteza sindano mara mbili kwa siku. Sikujua kama sebule yangu ina starehe zote hizi.

Sasa majibu. Fundi alileta tepu yake akazipima ngazi kwa heshima zote, kama anazikatia suti. "Mita tatu," akasema, "na kiuno hana." Uzito wangu ni kilo sitini. Bila mzigo nimetumia sekunde kumi na tano. Mara ya pili kumi na tano. Mara ya tatu kumi na tano. Nikiwa na kikapu cha viazi cha kilo sita, sekunde kumi na sita na nusu, mara zote tatu. Hesabu inatoa karibu wati mia na kumi na nane, kwa mzigo na bila mzigo. Kumbe mjomba wako ni balbu mbili za sebuleni! Nimekuchorea na grafu kwa rula.

Neno moja la mwalimu mstaafu. Mwisho wa karatasi umeandika: "Jibu linalotarajiwa: nguvu ya mwili haitabadilika sana." Ukimwambia mgeni kwamba chakula kiko jikoni, usishangae akienda jikoni. Ningekuwa wewe ningelifuta.

Mjomba wako, wati mia na kumi na nane


20 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Hatujambo. Mtoto ana meno mawili na ameanza kusema neno linalofanana na "hapana", nalo ndilo jibu lake kwa kila swali. Mama anakusalimu. Amenituma nikuulize kama unakula. Nimemwambia mtu wa wati mia na kumi na nane lazima anakula.

Grafu yako nimeibandika kwenye ukuta wa maabara na maneno haya juu yake: "Mwanafunzi wangu wa kwanza, umri miaka themanini na moja." Mkuu wa idara, ambaye wanafunzi humwita Mzee Sifuri kwa kuwa ndiyo alama anayoipenda, alisimama mbele yake akatabasamu. Mtunza vifaa alitoka mbio kuwaita wenzake waje washuhudie.

Kisha nikalijaribu jaribio na darasa. Mjomba, kila meza ilileta majibu safi. Grafu zimenyooka, wati hazitikisiki. Nilikuwa nimeshaanza kuimba moyoni, ndipo mtunza vifaa akaja kuniambia kwamba mizani ya meza ya mlangoni ni mbovu, inamwongezea kila mtu kilo nne, na kikaratasi cha kuonya alichokibandika juu yake kilikuwa kimedondoka. Meza hiyo nayo ilikuwa na majibu safi, kana kwamba hizo kilo nne hazikuwapo. Nilikaa nikazipitia karatasi zote upya. Wamepika. Darasa zima limepika kama jiko la harusi.

Nikawauliza, "Nani hapa amepima kweli?"

Msichana wa meza ya mlangoni akasema, "Mwalimu, tukueleze ukweli au tukueleze vizuri?"

"Ukweli."

"Tulipima. Zikaja namba za ajabu. Huyu mwenzetu kiatu kilimvuka katikati ya ngazi, akarudi kukifuata."

"Kilikuwa kipya," mwenzake akajitetea.

"Sasa tukaitazama ile grafu ya ukutani, tukakumbuka unavyoitazama ukiingia. Tukasema, babu wa watu kaweza, sisi tumpelekee mwalimu vioja?"

"Kwa hiyo mlinionea huruma."

"Tulitaka ufurahi, Mwalimu."

Nilikwenda ofisini nikakaa kwenye kiti kibovu. Jopo litakaa tarehe ishirini na moja Juni, nao watashuka maabara kuona. Wakikuta darasa la wapishi, Mzee Sifuri atasema bora mbao, mbao haidanganyi, na kozi yangu itakuwa imekwisha.

Ndiyo maana nakuomba hivi. Niandikie barua nitakayowasomea wanafunzi mbele ya jopo: jinsi ulivyopima, miguu ilivyokuwa, pumzi ilivyokuwa, ili wajue kwamba namba zako zilitoka miguuni na si kwenye kalamu.

Chiriku wako


15 Mei

Binti yetu,

Mwandiko huu si wa mjomba wako, ni wangu mimi fundi. Yeye anasema, mimi naandika.

Anakusalimu sana. Anauliza mtoto amefikisha meno mangapi na kama mama yako bado amenuna.

Anasema mkono wake una ganzi kidogo. Anasema niandike "kidogo". Nimeandika.

Anasema yu mzima. Nimeandika.

Anasema barua ya wanafunzi itakuja, bado anatafuta maneno. Nimemwambia maneno anayo, anachotafuta ni kichochoro cha kuyakwepa. Anasema hilo nisiandike.

Anasema umsamehe kwa kuchelewa, na kwamba yule bwana wa ndara amenunua viatu, kwa hiyo lazima amepandishwa cheo. Mimi nasema amepata mchumba. Tumewekeana dau la chai.

Kwa upande wangu: tepu yangu ilipima ngazi kweli, mita tatu kasoro unywele, na kwa hilo nasimama popote. Kwa mengine mimi ni fundi cherehani. Nilitaka kuongeza methali hapa, amenikataza, na methali yenyewe alishaijua kabla sijafungua mdomo.

Anacheka. Hilo naliandika bila kuambiwa, kwa sababu ni kweli. Mzee huyu hucheka kila siku.

Fundi, jirani wa mjomba wako


28 Mei

Shikamoo Mjomba, na shikamoo Fundi,

Meno ni manne. Mama hajanuna tena, ila anasema ganzi ya mkono hata akiandikiwa "kidogo" anaisoma kwa herufi kubwa. Nimemtuliza. Sijui nimemtuliza kwa nini.

Mjomba, grafu yako nimeibandua ukutani. Sijakasirika. Nilikaa nayo wakati wa mapumziko, maabara ikiwa tupu, nikaona jinsi nukta zako zilivyojipanga kama shanga kwenye uzi. Sikuulizi kitu. Ulisema utaniambia mwenyewe kwa mkono wako. Naungojea mkono.

Nataka kukwambia la kwangu. Kosa lilikuwa la karatasi yangu. Ulinionya kuhusu mgeni na jikoni, mimi nilikuwa nashangilia wati, nikakusoma bila kukusikia. Sasa nimelifuta jibu linalotarajiwa. Nimefuta na alama za kulikaribia. Karatasi mpya, kabla ya namba yoyote, inaanza na mstari huu: "Andika ulichoshindwa kupima, na kwa nini." Alama nyingi nimeziweka hapo.

Nimeirudisha kwa wanafunzi. Siku ya kwanza walidhani ni mtego. Msichana wa mlangoni akaniuliza, "Mwalimu, yaani tukishindwa tunapata alama?" Nikamwambia, mkishindwa mkasema. Basi wakarudi kwenye mizani yao, wakapanda mmoja mmoja, wakapanda wawili wawili, wakabebana, na walipogundua wenyewe kwamba inaongeza kilo nne walipiga kelele kama wamefunga goli. Yule wa kiatu ameandika kuhusu kiatu. Mwingine ameandika kwamba alipanda haraka kwa kuwa kulikuwa na msichana juu. Namba zao zimetawanyika kama kuku walioona mwewe, Mjomba, na kwa mara ya kwanza wanagombana juu yake: huyu kachoka, yule kapumzika, hebu turudie. Wanazungumza kuhusu miili yao na fizikia kwa pumzi moja. Hicho ndicho nilichokitaka tangu mwanzo, sikujua tu kiko wapi.

Sijui jopo litasema nini. Mzee Sifuri hapendi kuku.

Barua ya kusomwa sihitaji tena. Nakutumia karatasi moja mpya, tupu. Wewe bado ni mwanafunzi wangu. Ijaze utakavyo.

Chiriku wako


10 Juni

Mpwa wangu Chiriku,

Mwandiko huu ni wangu. Ukiona umepinda usome polepole, nami nimeuandika polepole, kipande leo, kipande kesho. Nakusalimu, namsalimu mtoto na meno yake manne, namsalimu dada yangu, na mwambie goti lake nimelisikia safari hii. Fundi amekula chai yangu: bwana wa ndara alipita na mchumba, viatu vinne vikienda hatua moja.

Methali aliyokatazwa kuiandika ni ile unayoijua, mficha maradhi kilio humuumbua. Nimeona afadhali nijiumbue mwenyewe.

Ni moyo. Daktari aliyenipima nilimfundisha sehemu za moyo akiwa kijana wa shule. Alinichorea moyo wangu kwenye karatasi ili nielewe, na chumba cha kushoto akakichora kidogo mno, nikamsahihisha. Akasema, "Mwalimu, hata leo?" Nikamwambia hata leo. Valvu moja imechoka kufunga, na kwa umri huu hawataichokoza. Dawa ananipa. Sina maumivu, Chiriku. Nachoka tu, kama mtu aliyetoka kazini, na kazi yenyewe niliipenda. Asubuhi jua huja, fundi huja na cherehani yake ndogo akae nami, viatu vya dunia nzima hupita mbele yangu. Kama ningejua uzee una dirisha namna hii nisingeuogopa hata nusu ya nilivyouogopa.

Sikukwambia kwa sababu ungekuja. Baba yako alipofariki, mama yako alikuleta kwangu ukiwa mdogo, na tangu siku hizo nikikohoa tu wewe unaleta maji. Ungefunga ofisi yako ya viti vibovu, ungekuja na mtoto mgongoni, na jopo lingekaa bila wewe na kurudisha mbao. Miaka yote nimewaona wasichana wenye akili wakiacha kazi zao kwenda kuuguza wazee ambao wangekufa vilevile. Nilitaka mmoja amalize.

Sasa lile la karatasi. Mwezi wa Machi sikukaa chini kwa nia ya kudanganya. Nilikuwa na mita tatu za fundi, nilikuwa na uzito wangu kwenye cheti cha daktari, nikawa naitazama sehemu ya muda iliyobaki tupu. Nikalisoma jibu unalolitarajia. Nikakuona ukifungua bahasha. Kalamu ikaenda. Namba za kikapu nilizitafuta kwa hesabu, nikirudi nyuma kutoka kwenye wati, na nilijivunia kwamba kwa mara ya kwanza maishani nimeielewa fizikia.

Watoto wangapi nimewapa adhabu kwa kupika majibu, nikidhani ni uvivu! Waambie wanafunzi wako, na liambie jopo, kwamba mwalimu wa baiolojia amejifunza hili akiwa kitandani: mtu hapiki majibu kwa ajili yake peke yake, anapika akijua nani atakula. Karatasi yako ya kwanza ilitaka kufurahishwa. Hii ya pili inataka kuambiwa. Ishike hiyo ya pili hata Mzee Sifuri akinuna.

Wiki hii nimekufanyia jaribio ninaloliweza. Natoka kitandani hadi dirishani kwa miguu yangu, nakaa, na fundi ananihesabia mapigo ya moyo kwa dakika moja. Siku ya kwanza tisini na mbili. Siku ya pili mia na nne, nilikuwa nimecheka. Siku ya tatu themanini na nane. Siku ya nne hakuna namba, kwa sababu viatu vyekundu vilipita na fundi akapoteza hesabu. Usizipange. Ziache zilivyo.

Njoo, lakini njoo jopo likishaamua, wala si kabla. Daktari anasema moyo huu una subira kiasi hicho, na yeye namwamini kwa yote isipokuwa michoro. Nitakuwa hapa dirishani. Usipige hodi, nitakutambua kwa viatu.

Karatasi yako nimeijaza mstari mmoja tu. Mbele ya jopo wasomee huo.

Nilichoshindwa kupima: nguvu ya mwili wangu kwenye ngazi.

Kwa nini: fundi alikishusha kitanda changu sebuleni mwaka jana, kabla hujaniletea rasimu yako, na tangu siku hiyo sijapanda ngazi hata moja.